Uvimbe wa Ini Usio Saratani: Ukatwe au Uachwe?

Mtu wa Lamu huenda kupigwa picha ya tumbo kwa sababu ya mawe ya nyongo, akarudi na ripoti ya jambo asilolitafuta: ana uvimbe kwenye ini. Nyumbani ripoti inapita mkono kwa mkono, na kufikia alasiri ukoo umeshagawanyika. Hawa wanataka ukatwe upesi, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale wanasema kisu ndicho kitakachouchokoza, bora aachwe na dawa zake za miti shamba.

Mimi niko karibu zaidi na wanaosema uachwe, ingawa kwa sharti ambalo wengi wao hawalitaji: uvimbe ujulikane kwanza ni wa aina gani.

Unaoonekana zaidi ni hemanjioma, fundo la mishipa ya damu ambalo hukadiriwa kuwapo kwa watu kama 5 katika kila 100, wengi wao wanawake. Haigeuki kuwa saratani. Ikiwa haiumi wala haigandamizi tumbo, huachwa, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango halazimiki kuviacha. Hata kuichoma sindano ili kutoa kinyama cha kupima kunaweza kuleta damu nyingi. Uvimbe ambao ripoti huuandika FNH (focal nodular hyperplasia), yaani fundo la seli za kawaida za ini, nao hauna makuu. Hapo kukimbilia kisu ni kujitafutia kidonda.

Adenoma, uvimbe unaoota kutokana na seli za ini zenyewe, ni habari nyingine. Hii inahusishwa na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, unene, na zile steroidi ambazo vijana wa jimu hutumia kutunisha misuli. Inaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni, na mara chache hugeuka saratani. Mwongozo wa wataalamu wa ini wa Ulaya wa mwaka 2016 unamtaka mwanamke aache vidonge, apunguze uzito, kisha apigwe picha tena baada ya miezi 6. Ikibaki na sentimita 5 au zaidi, au ikiendelea kukua, itolewe. Kwa mwanamume hutolewa hata ikiwa ndogo, kwa kuwa kwake hatari ya saratani ni kubwa zaidi.

Wanaotaka kisu wana hoja moja nzito, nayo ni hali ya ini lenyewe. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini ya B mwishoni mwa 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Mwenye virusi hivyo, au ini lililosinyaa kwa makovu, akionekana na uvimbe, huenda uvimbe huo ni saratani, kwa hiyo haifai kumwambia “si kitu” kwa kutazama altrasaundi peke yake. Kipimo cha damu cha homa ya ini si ghali kama skani, nacho kingepaswa kutangulia mabishano yote ya barazani.

Kisha kuna umbali, ambao miongozo ya Ulaya haikuuwazia. “Tutaufuatilia” ni neno jepesi kwa mkazi wa Mombasa. Kwa wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, ni boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi, na pengine safari iendelee Mombasa kama skani inayohitajika iko huko. Wengi huenda mara ya kwanza, ya pili wakaahirisha.

Ndiyo maana kuna mgonjwa mmoja ambaye kwake nahamia upande wa pili bila kusita: mwanamke wa visiwani mwenye adenoma ya sentimita 6 anayetaka kushika mimba. Homoni za ujauzito zinaweza kuikuza mpaka ikapasuka, na ikipasuka usiku, bahari iko mbele yake kabla hata hajaifikia barabara. Huyo amwone daktari wa upasuaji kabla ya mimba, hata kama haumwi popote, na hata kama mama mkwe anauliza haraka ya nini.