Shaloti kwenye jokofu: tunalinda nini hasa?

Ushauri unaorudiwa sana kuhusu shaloti, vile vitunguu vidogo vya jamii ya kitunguu maji, ni kwamba ziwekwe kwenye jokofu, la sivyo virutubisho vyake vitapotea. Ushauri huo una msingi. Shaloti iliyovunwa bado inapumua, na joto likizidi huimaliza akiba yake upesi. Vitamini C hupungua siku zinavyosonga, na baridi huchelewesha upungufu huo. Ndiyo maana maghala makubwa huzihifadhi karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, zikadumu miezi.

Ila ghala haliishii kwenye baridi. Hewa yake huwekwa kavu pia, unyevu ukiwa kati ya asilimia 65 na 70. Droo ya mboga kwenye jokofu la nyumbani imeundwa kwa kazi tofauti kabisa, kutunza unyevu ili majani yasinyauke. Zitie shaloti humo ndani ya mfuko wa plastiki, kisha uzitazame baada ya muda: maganda yaliyokuwa yakichakarika kama karatasi yamelegea, kitako kimetoa vimizizi vyeupe, na shingo inabonyea chini ya kidole. Ukungu hauko mbali. Na kitunguu kilichozoea baridi, kikirudishwa kwenye joto, huwahi kuchipua.

Tuipime sasa hiyo vitamini C inayotutia wasiwasi. Gramu 100 za shaloti mbichi zina takriban miligramu 8. Nani anakula gramu 100 kwa mlo mmoja? Shaloti moja ya gramu 25 ina miligramu 2, wakati mtu mzima anashauriwa na Shirika la Afya Duniani apate 45 kwa siku. Hata nusu ikipotea, tumepoteza miligramu moja, ambayo kipande kidogo cha chungwa kinairudisha na ziada juu yake. Kwa miligramu hiyo moja tunakihatarisha kitunguu kizima.

Utajiri wa shaloti uko kwingine, kwenye flavonoidi, yaani viambata vya asili vya mimea, hasa kile kiitwacho kwesetini. Kwesetini haiharibiki kirahisi. Tafiti za uhifadhi wa jamii ya vitunguu zimeonyesha mara kwa mara kwamba kwesetini haiyumbi sana kwa miezi, na wakati mwingine hupanda kidogo mwanzoni. Anayeipunguza kweli ni mwenye kisu. Kwesetini imejazana kwenye tabaka za nje, na hupungua kadiri unavyoelekea kwenye kiini. Menya shaloti nyekundu taratibu: chini ya ganda kavu kuna tabaka ya nyama yenye rangi ya zambarau, ngumu kidogo, imeng'ang'ania ganda. Wengi huing'oa yote mara moja na kuitupa, kwa sababu ni rahisi zaidi. Kwenye kitunguu kidogo hivi, tabaka moja ni sehemu kubwa ya chakula. Inaniuma kuona mtu anahangaika na nyuzi za joto huku sehemu bora ikiishia kwenye ndoo ya taka.

Hata hivyo, kuziweka shaloti kwenye kikapu nje ya jokofu nako kuna masharti. Rangi nyekundu ya shaloti, yaani anthosiani, haina uvumilivu wa kwesetini, na joto huififisha. Kati ya nyuzi 10 na 20 chipukizi huamka upesi, na likiamka, sukari iliyohifadhiwa huvunjwa ili kulilisha. Kwa hiyo asiyekuwa na mahali pakavu penye hewa na kivuli, au anayetaka akiba ya miezi mingi, ana haki ya kutafuta baridi, mradi iwe kavu.

Iliyokwisha kukatwa sina ubishi nayo: iende kwenye jokofu, ndani ya chombo kilichofunikwa, na ipikwe mapema. Kisu kikishapita, kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, hukutana na viambata vya salfa, na ule ukali unaowasha macho ndio huohuo unaoanza kutoweka hewani.