Hisa za Marekani kutoka Nairobi: ada tunazozibishania na kodi tusiyoitaja

Mkenya anayetaka kununua hisa za Apple au Microsoft ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni programu za simu, ambazo hupokea shilingi kwa M-Pesa, huzibadilisha kuwa dola na kupitisha agizo kwa dalali wa Marekani. Ya pili ni kufungua akaunti moja kwa moja kwa dalali wa kimataifa, kama vile Interactive Brokers, na kumtumia dola kupitia benki. Mjadala kuhusu njia hizi umekwama kwenye ada ya kila muamala, hata njia ya pili ikapewa jina la njia ya matajiri. Naona hukumu hiyo imetolewa kabla ya kuulizwa jambo kubwa zaidi, yaani kila jukwaa linamruhusu mtu anunue nini, maana hilo ndilo huamua kodi watakayodaiwa warithi wake.

Programu za simu zina haki yao. Anayeweka akiba ya shilingi 2,000 kwa mwezi hawezi kubeba gharama ya benki ya kutuma fedha ng'ambo, ambayo humuumiza mwenye kidogo kuliko mwenye kingi, na uwezo wa kununua kipande cha hisa umemfungulia soko ambalo zamani hangelikaribia. Anachopaswa kukitazama ni bei ya dola, kwa kuwa jukwaa linalojitangaza kuwa halitozi ada laweza kujilipa kwa tofauti kati ya bei linayouzia dola na ile linayonunulia, na mteja huikuta tofauti hiyo anapoingia na anapotoka.

Lakini hebu tumfikirie mtu anayekusudia kuwekeza kwa miaka mingi na kuwaachia watoto. Sheria ya Marekani huzihesabu hisa za kampuni za nchi hiyo kuwa mali iliyoko Marekani, hata kama mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Akifariki asiyekuwa raia wala mkaazi wa Marekani, msamaha wa kodi ya mirathi huishia dola 60,000, kiwango ambacho hakipandishwi kufuata mfumuko wa bei. Kila dola inayozidi hapo huanza kutozwa 26%, na ngazi hupanda hadi 40%. Mjane aliyeachiwa hisa za dola 100,000, bila deni wala gharama ya kupunguza, atadaiwa dola 10,800, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 ni karibu shilingi milioni 1.4. Tena atatakiwa kuwasilisha hesabu kwa mamlaka ya kodi ya Marekani ndani ya miezi tisa, huku akiwa bado na msiba na huenda hajui hata nywila ya akaunti ya marehemu.

Wapo wanaojibu kwamba dola 60,000 ni ndoto kwa Mkenya wa kawaida. Kwa wengi ni kweli. Hata hivyo, mke na mume wenye mishahara wakiweka dola 300 kila mwezi katika akaunti moja, na faida ikawa 7% kwa mwaka, watakifikia kiwango hicho baada ya miaka kama 11, wakati mtoto aliyezaliwa walipoanza bado yuko shule ya msingi.

Hapo ndipo dalali wa kimataifa anapostahili kusikilizwa. Kwake mtu hununua, katika soko la London, mifuko ya hisa iliyosajiliwa Ireland, yaani makapu yanayoshikilia hisa za kampuni zilezile za Marekani. Kwa kuwa mfuko wenyewe ni wa Ireland, kodi ya mirathi ya Marekani haiufikii. Magawio nayo, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, hupona kwa kiasi. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo Mkenya anayemiliki hisa moja kwa moja hukatwa 30% ya gawio hata akijaza W-8BEN, fomu ya kuthibitisha kwamba yeye ni mgeni kikodi huko, ilhali mfuko wa Ireland, nchi yenye mkataba huo, hukatwa 15%. Ni kweli kwamba anayetumia akaunti hiyo hiyo kununua hisa za Apple zenyewe hajaikwepa kodi yoyote, maana kinachotofautisha ni mali aliyonunua, na dalali ni mlango tu. Ila programu nyingi za simu zimejengwa juu ya soko la Marekani peke yake, na mlango huo hazina.

Wengine hushauri kuanza na simu na kuhamia kwa dalali baadaye, na kwa mwenye shilingi 2,000 ushauri huo naukubali. Marekani haimtozi mgeni kodi ya faida ya kuuza hisa, kwa hiyo kwa upande wa kodi hiyo kuhama kwenyewe si ghali. Ugumu ni kwamba vipande vya hisa kwa kawaida havihamishiki, sharti viuzwe kwanza, na anayeahirisha kuuza mpaka soko litulie aweza kuahirisha kwa miaka. Afadhali kiasi cha kuhamia kiamuliwe siku ya kufungua akaunti, na mwenzi au mtoto mkubwa akijue.