Tatu kwa Moja, Lakini Namba Uiache Mlangoni

Kijana aliyebisha hodi kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, Jumamosi iliyopita alikuwa na fulana mpya ya kampuni, karatasi za matangazo na adabu ya kutosha. Aliniita Papa, akaketi kwenye kiti cha plastiki nilichomsogezea, akanieleza habari njema: televisheni, intaneti na simu kwa malipo mamoja ya mwezi. Nilimwuliza bei itakuwa kiasi gani promosheni ikiisha, naye akaigeuza karatasi upande wa pili, kana kwamba jibu huenda limechapwa huko. Kisha nikamwuliza kama ninaweza kuingia humo na namba yangu ya simu. Hapo alicheka kwa upole.

“Papa, tutakupa namba nyingine, nzuri kabisa.”

Nzuri kabisa! Namba yangu ninayo tangu 2009. Ninauza vipuri vya mashine za kusaga, na wateja wangu kutoka Likasi hadi Kasenga wananitafuta kwa namba hiyo. Ndiyo inayopokea pesa zao, ndiyo iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye mlango wa chuma wa duka, na shangazi yangu wa Kipushi, ambaye hakupata kusoma, ameikariri kama sala. Nikiitupa kwa ajili ya kifurushi, nitakuwa nimejifuta mwenyewe mjini.

Kampuni zetu zimeiga jina la biashara hii ya tatu kwa moja na kuacha kiini chake. Marekani, ambako kampuni za kebo, yaani televisheni ya waya, na za simu zilipigana kweli, nyumba nyingi zilikuwa na nyaya mbili, kila waya na mwenye wake aliyejikalia raha bila mshindani. Sheria ya mawasiliano ya 1996 ilimruhusu kila mmoja kuingia shambani mwa mwenzake. Watu wa kebo wakaanza kuuza simu; watu wa simu, ambao nyaya zao za shaba zilikuwa dhaifu kwa kubeba televisheni, wakalazimika kuchimba upya, hata Verizon ikaanza kuuza televisheni yake ya FiOS huko Keller, Texas, mwaka 2005, ikipeleka nyuzi za kioo hadi majumbani, na AT&T ikafuata mwaka uliofuata na U-verse. Hayo ya kuchimba ndiyo yanayosimuliwa sana. Mimi ninapenda zaidi kifungu cha sheria hiyo kinachozilazimisha kampuni za simu kumwachia mteja aondoke na namba yake, haki ambayo tangu Novemba 2003 iliwafikia na wenye simu za mkononi.

Faida yake niliisikia kwa masikio yangu. Binamu yangu anayeishi Ohio aliipigia kampuni yake ya kebo huku mimi nikisikiliza kwenye simu nyingine, akasema anahamia kwa watu wa simu. Mama aliyepokea, ambaye hadi hapo alikuwa akijibu kama mtu anayesoma ukutani, alimpitisha kwa mwenzake ambaye kazi yake, nilivyoelewa, ni kuwabembeleza wanaotaka kuondoka. Dakika kumi hazikupita, bei ikashuka kwa mwaka mzima. Binamu hakuhama, wala hakuwa na nia ya kuhama.

Sisemi wenzetu wamefika peponi. Kampuni inakuuzia vitu vitatu kwa sababu inajua kwamba mwenye vitatu anaona taabu kuondoka, promosheni inaisha, ankara inavimba kwa ada ndogondogo, hadi mwaka 2024 mamlaka yao ya mawasiliano ikabidi iziamuru kampuni za kebo zioneshe bei kamili ya televisheni. Nakubali pia, shingo upande, kwamba hapa kwetu ushindani wa Vodacom, Airtel na Orange umemwezesha mwanafunzi kununua mega za intaneti za siku kwa fedha ya mfukoni.

Lakini mimi nitamtisha nani? Hapa Lubumbashi ukitaja mwanzo wa namba yako, 081, 099 au 089, mtu ameshajua wewe ni wa nani, kama vile umetaja kabila. Kwa hiyo kifurushi tunajifungia wenyewe mezani: laini mbili ndani ya simu moja, ya tatu ndani ya kasimu kadogo ka mfuko wa koti, na dekoda pembeni, kila kimoja na siku yake ya kufa. Mega zinakufa usiku wa manane. Abonema ya televisheni, ile ya kulipia kila mwezi, inaendelea kuhesabu siku hata SNEL, shirika la umeme, inapotuacha gizani, nasi tunakilipia kioo cheusi. Na kila kampuni inanihesabu kuwa mteja wake mwaminifu. Katika hesabu zao, mimi ni watu watatu.

Tusiambiwe kwamba kuhama na namba ni jambo la Wazungu. Kenya waliruhusu mwaka 2011 (ninasema Kenya ya Nairobi, si komini ya jina hilo hapa Lubumbashi), na Tanzania mwaka 2017. Najua kwamba Kenya waliohama walikuwa wachache, kwa kuwa pesa za simu zilibaki zimewafunga kwenye mtandao wao wa zamani. Hata hivyo binamu yangu naye hakuhama, na bado bei yake ilishuka, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili wa simu alijua kwamba angeweza. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Kongo, ikitaka kutusaidia katika vita hivi vya vifurushi, ianzie kwenye namba. Rangi za karatasi iwaachie wenye kampuni.

Kabla ya kuondoka, kijana aliniomba namba ili anipigie wiki hii, labda nitakuwa nimebadili mawazo. Nilianza kumtajia. Alisikia tarakimu tatu za kwanza, akashusha kalamu.

“Aa, Papa,” akasema, “kumbe wewe ni wa kwa wale.”