Mgeni wa Mayai Sita

Oktoba Bwawa la Mtera hunywea, na visiwa vidogo visivyokaliwa na mtu huzungukwa na mkanda mpana wa tope. Kwenye kimoja, upande wa Dodoma, nilimpeleka mpwa wangu akajifunze.

Mtumbwi tuliuvuta penye mteremko laini. "Ona mifereji miwili na tuta katikati," nikamwambia. "Njia ya kiboko hiyo. Tumbo ni pana, miguu imeachana. Na hayo mavi ya nyasi kichakani ameyarusha kwa mkia."

"Kwa hiyo mjomba, tumeegesha mlangoni kwake?"

"Mchana anashinda majini. Hutoka kula jua likizama."

Tukaingia chini ya miti iliyokufa, mnandi wamejaa juu, mbawa wameanika. Nikaeleza: manyoya yao hulowa, ndiyo maana wanazama vizuri wakifuata samaki, na ndiyo maana lazima wajianike. Mpwa akasogea pembeni. Mimi nikaendelea kueleza hadi kofia ikawa nyeupe. Inanuka samaki mpaka leo.

Mbele tukakuta mchanga umefukuliwa, maganda meupe yametapakaa. Hapo ndipo utamu wangu ulipo. Mamba hufukia mayai, hulinda karibu miezi mitatu, lakini akienda majini kujipooza tu, kenge huyo! Kenge hanusi kwa pua peke yake; ulimi wenye ncha mbili ndio unaomletea harufu...

"Mjomba. Mayai."

"Ndiyo, ya mamba."

"Hapana. Yetu."

Nikageuka. Kenge wa mita moja na nusu, kichwa ndani ya mfuko wa chakula mtumbwini. Akainua shingo, yai la kuchemsha likateremka zima na ganda lake. Likaja la pili. Nikamtisha kwa kasia. Akanichapa mkia wa goti, mjeledi kabisa, kisha akajikunja chini ya kiti cha mtumbwi akivuma kama pampu ya baiskeli.

Jua likawa jekundu. Majini, hatua kama thelathini, masikio mawili yakajitokeza yakitikisika.

Mpwa akaingiza mkono mfukoni, akatoa yai la sita alilojifichia, akalirusha topeni. Kenge akashuka kulifuata. Tukapiga kasia bila kuongea.

Usiku dada yangu aliuliza kama mayai sita yalitutosha.

"Yalitosha, mama," mpwa akasema. "Ila mjomba alikuwa na mgeni."