Jumamosi ile Uhura alipokalia kiti cha nahodha

Nitafika kwa Uhura, yule mwanamke mweusi wa Star Trek ya katuni, ila nianze na TV yenyewe. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, Baba aliinunua kwa mwanafunzi mwenzie aliyemaliza masomo na anarudi kwao, na antena yake ilikuwa imevunjika tawi moja, kwahiyo ukitaka picha itulie lazima mtu asimame pale dirishani ameishika na asitikisike. Huyo mtu alikuwa mdogo wangu. Tulikuwa Madison, Wisconsin, kuanzia 1972 mpaka 1976, Baba anasoma chuo kikuu na huku anafundisha Kiswahili madarasa ya wanaoanza ili tupate hela ya kula, mie nina miaka sita tunafika, na baridi ya kule sitaki hata kuielezea.

Wiki nzima TV ilikuwa ya Baba na taarifa zake za habari. Lakini Jumamosi asubuhi ilikuwa yetu sisi watoto, na siyo nyumbani kwetu tu, Marekani nzima ilikuwa hivyo. Stesheni kubwa zilikuwa tatu, CBS, NBC na ABC, na zote tatu Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka karibu na mchana ni vitu vya watoto mwanzo mwisho, katuni juu ya katuni. Hakuna kurekodi, hakuna kurudisha nyuma, ukichelewa kuamka imekula kwako.

Sasa nimekuwa nikisoma watu wa rika langu wakikumbuka vipindi vile, hasa Wamarekani, na wengi wanavikumbuka kama pipi. Scooby-Doo, konfleksi za sukari, pajama, basi. Na mimi nazikumbuka hizo, sikatai. Ila kuna kitu naona kinasahaulika na kinaniuma, ndo maana naandika hapa. Kwa mtoto mweusi aliyekaa mbele ya TV mwaka ule, zile katuni ndo zilikuwa mahali pa kwanza pa kuona mtu anayefanana naye akifanya mambo ya maana, akiimba, akifikiri, akiongoza. Na haikuja hivihivi. Karibu kila sura nyeusi iliyoingia pale, kuna mtu nyuma ya pazia alikataa jambo fulani mpaka ikaingia.

Mfano Josie and the Pussycats, ya studio ya Hanna-Barbera, ilianza CBS 1970. Wasichana watatu wana bendi, na mmoja wao ni Valerie, msichana mweusi anayepiga tari, na ndiye mwenye akili kuliko kundi zima, kitu kikiharibika anatengeneza Valerie. Nilikuwa nampenda mno, nilikuwa nachukua sahani ya bati ya Mama nagonga kama tari lake. Nimekuja kujua ukubwani kwamba walipotafuta waimbaji wa kweli wa ile bendi, aliyechaguliwa na mtayarishaji wa muziki Danny Janssen alikuwa Patrice Holloway, binti mweusi, na wakubwa wa studio wakataka atolewe ili bendi iwe ya weupe watupu. Janssen akagoma. Akasema bila huyu na mimi simo. Ilichukua kama wiki tatu hivi za kuvutana, wakakubali. Yaani tari langu la sahani lilitoka kwenye ugomvi wa mtu mmoja ambaye angeweza kabisa kunyamaza akachukua mshahara wake.

Halafu kuna Fat Albert, CBS, Septemba 1972, ya kwanza kabisa kuiona mimi tulipofika. Watoto weusi wa Philadelphia wanacheza jalalani na wana bendi ya vyombo walivyookota, kitanda cha springi kimegeuzwa kinubi, bomba, makopo. Mimi na mdogo wangu tulishangaa sana kwa sababu Tanga tulikoacha watoto wenzetu ndo walikuwa wanafanya hivyohivyo, gitaa la galoni na gari la waya, tukasema kumbe hata Wamarekani. Najua jina la Bill Cosby, yule mchekeshaji aliyeitunga Fat Albert, leo halitajwi kwa raha, wanawake wengi walimtuhumu, 2018 alitiwa hatiani na 2021 mahakama ya juu kabisa ya Pennsylvania ikaifuta hukumu ile, na mimi siwezi kumsikiliza tena kwa moyo ule wa utotoni. Hilo nalisema wazi. Lakini kile kitanda cha springi hakijatoka kichwani kwangu.

Na Schoolhouse Rock! jamani. ABC, Januari 1973, nyimbo za dakika tatu hivi katikati ya katuni. Ilianza hivi, mzee mmoja wa matangazo ya biashara New York, David McCall, aliona mwanae hawezi kushika tebo lakini nyimbo za roki anazijua zote, akamtafuta mwanamuziki wa jazi Bob Dorough amtungie nyimbo za tebo. Wazo hilo tu. Mimi tebo ya tatu niliishika kwa wimbo, na tuliporudi nyumbani, darasani siku ya kwanza mwalimu akanisimamisha na fimbo mkononi, saba mara tatu, nane mara tatu, nikawa naimba kimoyomoyo kwa kiingereza halafu najibu kwa Kiswahili. Sikuguswa hata fimbo moja.

Ubaya ulikuwepo, tusidanganyane. Matangazo! Miaka ile mwanzoni yalifika hadi dakika 16 kwa saa, mengi kuliko waliyowekewa watu wazima usiku, na karibu yote ni sukari na midoli. Mama alikuwa anatupikia uji na sisi tunalia tunataka lile boksi lenye mdoli ndani. Kuna mama mmoja wa Massachusetts, Peggy Charren, mwaka 1968 alianzisha chama na wenzie sebuleni kwake kupigania vipindi vya watoto, wakalalamika mpaka Washington, dakika zikapunguzwa, na bidii hiyohiyo ndo ilizaa sheria ya 1990 ya televisheni ya watoto. Huyo naye alikataa. Namheshimu sana.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Septemba 1973 NBC walianza kuonyesha Star Trek ya katuni. Ile tamthilia yenyewe, ya watu wanaosafiri na meli ya anga, ilishakwisha tangu 1969, sasa studio ya Filmation wakaichora, na waigizaji walewale wakaja kuweka sauti zao. Filmation walikuwa maskini wa pesa, inaonekana kabisa, mtu anaongea mdomo tu unacheza mwili umeganda kama sanamu, mbio ni zilezile zinarudiwa kila wiki, hata sisi watoto tulikuwa tunazijua. Katika kubana matumizi wakapanga wasiwaite Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, na George Takei, Mmarekani wa asili ya Japani, sauti za maofisa wao wa meli, Uhura na Sulu, wazifanye wengine. Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock, msaidizi wa nahodha, akasema kama hao wawili hawamo basi na yeye hayumo, kwa sababu ile meli ilikuwa na maana kwa kuwa na watu wa kila aina ndani yake, na hao ndo ushahidi wenyewe. Wakaitwa.

Mie hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Jumamosi ya kwanza nimekaa chini katikati ya magoti ya Mama ananisuka, twende kilioni, kichwa kimeinamishwa upande kwahiyo TV naiangalia kiubavu, nikasikia mtu anaita Luteni Uhura. Nikapiga kelele Baba, Baba, wamesema Uhuru! Baba akatoka chumbani na miwani mkononi, akasimama mpaka akaliona lile jina kwenye maandishi ya mwisho, akatuambia ni neno letu wamelibadilisha mwisho. Na ni kweli, Nichols mwenyewe alieleza kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi chenye jina Uhuru, na Gene Roddenberry aliyeitunga Star Trek akalipenda hilo neno, ndo likazaa jina. Jumatatu Baba akaenda kuwaambia wanafunzi wake darasani. Alifurahi kuliko sisi.

Lazima uelewe shuleni tulikuwa tunaulizwa nini. Kama tunaishi juu ya miti. Kama tunamjua Tarzan. Mtoto mmoja aliniuliza kama nyumbani kwetu tuna maneno au tunanguruma, na mwalimu alikuwa pale anasikia na hakusema kitu. Halafu Jumamosi nawasha TV, mwanamke mweusi mwenye jina la Kiswahili yuko kwenye chombo cha anga karne nyingi mbele, na hakuna hata mmoja mle ndani anayeshangaa.

Jumamosi ya nne, tarehe 29 Septemba, ndo ilikuwa yenyewe. Kuna sauti inatoka kwenye sayari fulani, inawalevya wanaume wote ndani ya meli, wanakuwa kama wameota, Nahodha Kirk na Spock wanashuka kule chini na wanaanza kuzeeka kwa dakika, mvi, mikunjo, mgongo umepinda. Huku juu Uhura anawaangalia wanaume waliobaki, anaona hawa hawafai. Anatangaza kwamba chombo sasa anakiongoza yeye. Anapanga walinzi wanawake, anatoa amri, zinafuatwa.

Kitana cha Mama kikasimama kichwani kwangu. Nilikisikia kimesimama. Akasema, "Huyu mwanamke ndo kashika chombo?" Nikamwambia ndiyo Mama. Akasema, "Haya." Akaacha kusuka kabisa, na Mama alikuwa hapendi kabisa kuacha kichwa nusu, tukaangalia wote watatu, mie na nusu ya kichwa imesimama.

Halafu mdogo wangu akabanwa na mkojo.

Alikuwa na miaka minne, maskini, alishikilia antena mpaka mwisho wa uwezo wake. Alipoiachia tu picha ikapotea, ikawa mchele mtupu na kelele, Mama akaruka kuishika akaizidisha kuiharibu, na mpaka tunaipata tena ni matangazo ya konfleksi. Hatukuona mwisho.

Tukarudi Tanga 1976. Bara hakukuwa na televisheni kabisa enzi zile, Zanzibar tu ndo walikuwa nayo, tena ya rangi tangu miaka ya 70 mwanzoni, sisi huku serikali iliiona ni anasa na tulisubiri mpaka 1994 ITV ilipokuja. Siyo kwamba nilikaa nalia, redio ilikuwepo, na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania nilikipenda kwa dhati. Lakini jioni chini ya mwembe watoto wa mtaani walikuwa wananikamata niwasimulie ya Marekani, na nikisema paukwa wanajibu pakawa halafu wanadai ileile ya Uhura. Kila mara. Kwao ilikuwa wazi kabisa kwamba Uhura ni Mtanzania, walikuwa wanabishana tu ni wa mkoa gani. Mwisho ikabidi niutunge mwenyewe. Mara nyingine wazee wanapona kwa dawa ya mganga, mara nyingine Uhura anawaacha kulekule na kwenda zake na meli, na hiyo ndo wasichana walikuwa wanaipigia makofi.

Kule Marekani nako Jumamosi zile zilikufa taratibu. Mwaka 1992 chaneli ya katuni saa 24 ikaanza, mwaka huohuo NBC wakaachana na katuni za Jumamosi, na Septemba 2014 stesheni ya CW wakazima ya mwisho kabisa. Mimi huku Jumamosi za mwaka huohuo wa 2014 nilikuwa naona watoto wa jirani wamekaa wanaangalia Ubongo Kids kwa Kiswahili, hesabu kwa nyimbo, katuni iliyotengenezwa hapahapa Dar, na nikajua kuna mtu huko nako aliyeambiwa haiwezekani akakataa. Nilisimama mlangoni kwao na kapu la sokoni mkononi mpaka kipindi kikaisha.

Nichelle Nichols alifariki Julai 2022, ana miaka 89. Nilihuzunika kama amefariki shangazi yangu. Usiku ule binti yangu akanitafutia ile katuni ya Septemba 1973 akanitumia kwenye simu, nikaiangalia peke yangu kitandani. Kitu cha kwanza, nguo yake nyekundu. Miaka yote ile kichwani kwangu Uhura alikuwa wa kijivu. Na nikauona mwisho. Wanawapitisha kwenye ile mashine ya kusafirishia watu, ambayo imetunza kumbukumbu ya miili yao walivyoshuka, na wanatoka vijana kama walivyokuwa.

Asubuhi nikampigia Mama Tanga. Siku hizi masikio yake mazito, ikabidi nirudie mara mbili kwamba naongelea katuni ya Madison, siku ya mkojo. Akakumbuka hapohapo.

"Wale wanaume walipona?"

"Walipona Mama."

"Alhamdulillahi. Na yule mwanamke?"

Nikamwambia nahodha wao alirudi kwenye kiti chake, na yeye akarudi kwenye kazi yake ya kupokea simu za mbali.

Mama akanyamaza kidogo. Nilisikia redio yake kwa nyuma.

"Wangemwachia," akasema.