Mwanafunzi aliponiuliza ofisi yangu iko wapi

Jumanne mvua iliamka nasi hapa Moshi. Natoka kipindi cha asubuhi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ananifuata varandani, sura ya pili ya utafiti wake ameificha ndani ya sweta isilowe. "Shikamoo mwalimu. Ofisi yako iko wapi nikuletee?"

Tukakaa kwenye ngazi. Tukaisoma ile sura magotini, matone ya paa yakiturukia, na maelezo aliyoandika kwa kalamu pembeni yakaanza kuchuruzika. Akaniomba samahani. Yeye, mwenye ada aliyolipa, ndiye aliyeniomba mimi samahani! Nimeshindwa kuisahau sauti ile.

Huu ni muhula wangu wa saba kama mhadhiri wa muda. Naishi Ngaramtoni, nadamkia stendi ya Arusha, kama kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, nauli yangu mwenyewe. Malipo ya muhula uliopita bado "yanashughulikiwa". Lakini leo sitaki kulilia nauli.

Nataka tuzungumzie kusahihisha. Fomu ya madai ninayojaza ina safu moja tu ya saa: za darasani. Kozi yangu ina saa 45, wanafunzi 180. Kila kitabu cha majibu nikikipa dakika 10, hizo ni saa 30 ambazo kwenye fomu hazipo. Kutunga mtihani, kuusimamia, kuingiza alama kwenye mfumo, kusoma tafiti kwenye ngazi, vyote havipo. Sasa mtu anayekimbilia chuo cha pili ili kodi ya nyumba itimie atafanya nini? Atapunguza dakika. Mimi nimezipunguza.

Muhula uliopita, saa sita usiku, nilimpa kijana mmoja alama 6 kati ya 20 kwa sababu jibu lake halikufanana na nilichofundisha. Nikakifunika kitabu, nikachukua kingine, moyo ukakataa. Nikarudi. Kumbe alikuwa amenipinga, na kwa hoja. Mimi nilisimulia ushirika wa kahawa kuanzia KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ya mwaka 1933, kama simulizi ya viongozi. Yeye alianzia kwenye chama cha msingi cha kijijini kwao, kwenye mizani, kwa bibi yake aliyekuwa akipima kahawa na kusubiri malipo ya pili. Nikampa 16. Tangu siku ile najiuliza ni wangapi sikurudi kwao.

Najua vyuo vya umma haviajiri bila kibali, na wanafunzi hawasubiri kibali kitoke. Sawa. Tena yupo mtu wa benki anayekuja kufundisha jioni mara moja kwa wiki, ana mshahara wake, na wanafunzi wanafaidika naye, huyo simsemei. Nawasemea tunaobeba kozi tatu nne mwaka baada ya mwaka, tukiitwa wa muda.

Mwenzangu alijifungua katikati ya muhula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Yeye alijibiwa kwamba analipwa kwa saa, kwa hiyo si mwajiriwa. Wiki ya tatu alikuwa ubaoni, mtoto yuko kwa jirani.

Saa za kusahihisha na za kusimamia tafiti ziingizwe kwenye mkataba na zilipwe. Mkataba uwe wa mwaka, si wa muhula. Na kila idara itenge chumba kimoja chenye meza na kabati la kufungwa kwa ufunguo, maana sasa mitihani ya watu 180 inalala chini ya kitanda changu.

Alhamisi nakutana tena na yule binti, sura ya tatu. Nimemwambia mvua ikiendelea tusikae kwenye ngazi, twende kwa mama ntilie nje ya geti. Pale meza ni kavu, na kabla ya saa saba hapajajaa watu.