Kambi za darasa la saba: waulizeni kwanza wanaokaa kwenye tumbaku

Ikifika Julai, kwenye vijiji vya Sikonge, Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, utawakuta watoto wa darasa la saba wakihamia shuleni na mikeka kichwani. Sufuria kubwa zinaazimwa kwa wazazi. Kila mtoto anakuja na debe lake la mahindi na maharage kiasi, na mwenye matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, analeta ya kusindikizia uji. Wanalala na kusoma hapo hapo mpaka mtihani wa Septemba wa kumaliza shule ya msingi, wasichana chumba chao, wavulana chao, walimu wakipokezana zamu ya usiku.

Wanaozipinga kambi hizi wengi wako mjini, na hoja zao si za kupuuza. Wanasema ni kukaririsha maswali ya miaka iliyopita ili asilimia ya shule ipande na mwalimu mkuu asiitwe halmashauri kujieleza. Wanasema elimu bila ada ilianza 2016, kwa hiyo debe la mahindi ni mchango uliorudi kwa mlango wa nyuma. Na wanakumbusha mwaka 2012, pale ilipobainika kuwa watoto zaidi ya 5,000 walikuwa wameingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma wala kuandika. Kama alama zinaweza kudanganya kiasi hicho, wanauliza, kambi inatengeneza nini zaidi ya alama?

Nianze na hilo la alama, maana hapo ndipo naona wanapotea njia.

Masomo ya mtihani huo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia 121. Mwenye 120 ana D, na D haimpeleki sekondari ya serikali. Katika kila somo maswali 40 ni ya kuchagua, herufi A hadi E. Mtoto akifumba macho na kuweka kivuli popote, kwa wastani atapata nane kwenye hayo arobaini. Zidisha mara sita: 48. Hata D hafiki, kwa sababu D inaanzia 61. Kwa hesabu ya mtihani wa sasa, bahati peke yake, kwa maoni yangu, haiwezi kuwa ndiyo iliyowavusha wale wa 2012. Ukitaka kujua kilichotokea, tazama usimamizi wa chumba cha mtihani.

Sasa mfikirie mtoto aliyepata 115 kwenye moko, mtihani wa majaribio, wa Juni. Huyo habahatishi. Anasoma, anaelewa, anakwama kwenye hesabu za sehemu na kwenye Kiingereza kama wenzake wengi. Anachopungukiwa ni alama sita, yaani swali moja tu kwa kila somo. Chukua darasa la watahiniwa 40 ambalo 24 wamevuka: shule ina asilimia 60. Wavushe watoto sita wa aina hii na shule imefika 75. Mjini wataiona ile 75 na kusema shule imepika matokeo. Mimi nawaona watoto sita waliokuwa wanakwenda kulima tumbaku ya wazazi wao wakiwa na miaka kumi na minne.

Na hapa tumbaku siitaji kwa mfano tu. Kati ya Januari na Aprili ni kuchuma, kufunga majani kwenye vijiti na kukesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, kuchochea kuni. Soko likipita, Agosti kwenda Septemba vitalu vya miche vinaanza, na kitalu kinataka maji asubuhi na jioni. Anayechota ni nani? Ni huyo huyo wa darasa la saba, kwa sababu ndiye mwenye nguvu ya kubeba ndoo. Anafika shuleni saa tatu, miguu ina tope, kipindi cha Hisabati kimekwisha. Jioni nyumbani hakuna taa ya maana, na akiwa na taa hana nafasi.

Mwalimu mmoja wa Sikonge aliwahi kunionyesha daftari lake la mahudhurio. Kurasa za Februari na Machi zilikuwa zimejaa alama za utoro kama mtama uliomwagika. Za Julai na Agosti, kambi ikiwa imeanza, hazikuwa na hata moja. "Siwafundishi kitu kipya," aliniambia. "Nawafundisha kile walichokikosa Machi." Kukaririsha ni kumrudishia mtu jibu asilolielewa. Huyu alikuwa anawarudishia siku zao.

Lipo jambo moja ambalo wanaozitetea kambi, nami nikiwemo, hatujalijibu sawasawa. Mwalimu anayekesha na darasa la saba kesho yake asubuhi ana darasa la pili, na amechoka. Shule ya walimu sita ikielekeza wanne kwenye kambi, mtoto anayejifunza kuunganisha silabi anabaki akiimba "ba be bi bo bu" na kiranja. Miaka michache baadaye huyo huyo ndiye atakayehitaji kambi. Ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni ni shilingi 6,000 kwa mtoto kwa mwaka. Hiyo hailipi mwalimu wa ziada, hata chaki inaisha mapema. Na debe la mahindi, hata likiitwa la hiari, yupo mtoto wa mama mjane ambaye halipati, anabaki nyumbani akisikia kengele ya prepu, masomo ya jioni.

Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027, na kwa sera mpya elimu ya lazima ni miaka kumi, hadi kidato cha nne. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, 121 haitakuwa tena geti la sekondari. Nilimweleza hivyo mjumbe mmoja wa kamati ya shule, mkulima wa tumbaku mwenye watoto wawili hapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza: "Na vitalu, hiyo sera imesema nani atamwagilia?"